Somo la Mwezi: Maumivu ya Mgongo Yasiyokwisha



Katika ukurasa huu huwa tunajifunza habari za mbegu, mbolea na utunzaji wa ng'ombe wa maziwa. Mwezi huu tutajifunza habari za chombo kimoja cha shamba ambacho hakiuzwi dukani, wala chama cha ushirika hakiwezi kukukopesha. Chombo hicho ni mwili wako mwenyewe, na hasa misuli ya mgongo wako.

Mpini wa jembe ukivunjika utachonga mwingine siku hiyo hiyo. Lakini mgongo ukiuma mwezi wa kwanza, ukauma wa pili na wa tatu, mambo ya nyumbani huanza kuharibika moja baada ya jingine. Palizi huchelewa. Kibarua huajiriwa kwa fedha zilizowekwa kwa ajili ya karo. Mtoto hukosa shule ili akamue ng'ombe. Mwishowe mtamba aliyekuwa akitegemewa huuzwa ili kulipia picha na sindano, na baada ya hayo yote mgongo ungali unauma. Kwa mkulima wa skimu, ambaye kipande chake cha ardhi ndicho mshahara wake, na ambaye pengine angali analipa deni la shamba hilo, jambo hili si dogo.

Mwandishi wa somo hili ni karani wa ofisi ya kilimo, si daktari. Lakini mafundisho yenyewe ni ya madaktari. Mwezi wa Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake wa kwanza juu ya maumivu ya mgongo ya muda mrefu. Shirika hilo limekadiria kwamba mwaka 2020 watu milioni 619 duniani walikuwa na maumivu ya sehemu ya chini ya mgongo. Basi usione haya, wala usidhani kwamba umerogwa au kwamba wewe ni mvivu.

Neno kuu la somo letu ni hili: maumivu ya misuli yaliyokaa zaidi ya miezi 3 mara nyingi si ishara kwamba kuna kitu kilichovunjika mwilini, na dawa yake kubwa si kulala bali ni kazi ya kipimo. Sasa tulifuate jambo hili hatua kwa hatua.

1. NAMNA MBILI ZA MAUMIVU

Maumivu ni ya namna mbili, na yafaa tuzitofautishe.

Namna ya kwanza ni maumivu mapya. Umeinua gunia vibaya, au umelima siku nzima baada ya miezi ya kiangazi ambayo hukushika jembe. Misuli imechoka au imevutika. Maumivu haya yana faida, maana yanakuonya upunguze mwendo. Mara nyingi hupungua sana katika wiki chache, hata bila dawa kubwa.

Namna ya pili ni maumivu ya muda mrefu. Waganga huyahesabu hivyo yakipita miezi 3. Wakati huo misuli iliyovutika imekwisha kupona zamani, lakini maumivu yamebaki. Mtu huamka asubuhi mgongo ukiwa mgumu kama ubao. Akiinama kidogo tu anaumia. Pengine maumivu huenea mabegani, shingoni na mapajani.

Wengi hukosea hapa, kwa sababu huyatibu maumivu ya namna ya pili kama ya namna ya kwanza. Hulala, husubiri, na kila yanapozidi hutafuta dawa yenye nguvu zaidi. Lakini maumivu ya namna ya pili yana njia yake.

2. KWANZA HAKIKISHA SI UGONJWA MWINGINE

Kabla hujayashika mafunzo yanayofuata, hapana budi ujue dalili za hatari. Si kila mgongo unaouma ni mgongo wa misuli. Ukiona mojawapo ya mambo haya, usingoje siku ya soko, nenda hospitali:

(a) Ganzi katika sehemu za siri au matakoni, au kushindwa kukojoa, au mkojo na choo kutoka bila kujua. Hii ni haja ya kwenda siku hiyo hiyo, hata usiku.

(b) Mguu mmoja au yote miwili kupoteza nguvu, hata unajikwaa au kiatu kinatoka bila wewe kujua.

(c) Homa, jasho la usiku, na kukonda bila sababu. Kifua kikuu hakishiki mapafu tu. Huweza kushika pia pingili za uti wa mgongo. Dawa zake hutolewa bila malipo katika hospitali za serikali, na mtu akiwahi hupona.

(d) Maumivu yaliyoanza baada ya kuanguka kutoka juu ya mti, juu ya gari au juu ya paa.

(e) Maumivu yasiyopungua hata ukilala, yanayozidi usiku, hasa kwa mtu aliyepita miaka 50 ambaye hakuwa nayo zamani, au aliyewahi kuugua saratani.

(f) Maumivu ya ubavuni pamoja na mkojo wenye damu au wenye kuchoma.

Kwa wafugaji kuna jambo la kuongeza. Uko ugonjwa uitwao bruselosi, ambao mtu huupata kwa ng'ombe, mbuzi, kondoo au ngamia. Huingia kwa maziwa mabichi, au kwa kushika kwa mikono mitupu ndama aliyetoka kabla ya wakati na kondo lake. Dalili zake ni homa inayokuja na kwenda, jasho, uchovu, na maumivu ya mgongo na viungo. Ukiwa na dalili hizo na ng'ombe wako ametoa mimba, mweleze tabibu habari zote mbili ili damu yako ipimwe. Na kinga yake ni rahisi: chemsha maziwa, wala usishike mimba iliyotoka bila kuvaa mipira ya mikono.

Ikiwa huna dalili hata moja kati ya hizi, au tabibu amekupima na kuona hakuna ugonjwa wa hatari, basi endelea na somo bila hofu.

3. KWA NINI MAUMIVU HUKAA

Ndani ya mwili kuna mishipa ya fahamu. Mishipa hiyo hupeleka habari kutoka kwenye misuli hadi uti wa mgongo, na kutoka hapo hadi ubongo. Ubongo ndio unaoamua kama habari hiyo ni ya hatari au si ya hatari. Ukiona ni ya hatari, ndipo wewe unasikia maumivu.

Tuchukue mfano wa mbwa wa boma. Mbwa mzuri hubweka mwizi anapokuja, na usipokuwa na mwizi hunyamaza. Sasa tuseme mwizi aliingia usiku mmoja akaiba kuku. Tangu siku hiyo mbwa yule hana raha. Akisikia jani limeanguka, anabweka. Jirani akipita njiani, anabweka. Mwizi hayupo, lakini kelele ni zile zile, na mwenye nyumba halali.

Ndivyo ilivyo kwa mishipa ya fahamu. Baada ya kuumia, au baada ya kazi nyingi bila kupumzika kwa muda mrefu, mishipa hiyo na ubongo huweza kuwa wepesi mno wa kupiga kelele. Kuinama kuchukua ndoo ni jambo dogo, lakini mwili hulipokea kama hatari. Maumivu unayosikia ni ya kweli kabisa, wewe hujidanganyi. Lakini kelele ya mbwa si ushahidi kwamba mwizi yumo ndani, na kadhalika maumivu ya muda mrefu si ushahidi kwamba mgongo unaendelea kuvunjika.

Je, mbwa kama huyo hurekebishwaje? Mwenye nyumba akijifungia ndani asitoke, mbwa atazidi kuogopa. Akimpiga kila siku, hatajifunza. Njia iliyo njema ni kumzoeza kidogo kidogo, leo jirani mmoja, kesho wawili, mpaka ajue kwamba mpita njia si mwizi. Mgongo nao huzoezwa vivyo hivyo, nasi tutaona namna yake katika fungu la 5.

Kuna na sababu ya pili. Misuli isiyofanya kazi hudhoofika upesi. Mtu aliyelala wiki tatu akiogopa mgongo wake huamka na misuli dhaifu kuliko ile aliyolala nayo. Akishika jembe, kazi ile ile ya zamani inamlemea zaidi. Anaumia, anaogopa, analala tena. Huo ni mzunguko, na lazima ukatwe mahali fulani.

4. MAMBO MANNE YANAYOMALIZA FEDHA NA SIKU

Jambo la kwanza ni kitanda. Zamani hata madaktari waliamuru wagonjwa wa mgongo walale siku nyingi. Mwaka 1986 madaktari wa Marekani waliwagawa wagonjwa katika makundi mawili: kundi moja waliambiwa walale siku 2, na jingine siku 7. Wale wa siku 7 hawakupona vizuri zaidi. Walikosa tu siku nyingi zaidi za kazi. Mwaka 1995 madaktari wa Helsinki, nchini Finland, walipima tena, wakaona kwamba walioendelea na shughuli zao za kawaida kadiri walivyoweza walipona upesi kuliko waliolazwa kitandani. Tangu hapo amri ya kulala imeachwa.

Jambo la pili ni picha. Mkulima mwingine huuza mtamba ili apigwe picha ya MRI, akitumaini kwamba picha itaonyesha kosa. Picha karibu kila mara huonyesha jambo fulani, na hapo ndipo hofu huzidi. Mwaka 2015 wataalamu walichapisha hesabu ya picha za watu zaidi ya 3,000 wasio na maumivu yoyote ya mgongo. Waliona kwamba hata vijana wa miaka 20, watu 37 kati ya 100 walikuwa na dalili za kuchakaa katika magegedu yaliyo kati ya pingili. Kwa wazee wa miaka 80, walikuwa 96 kati ya 100. Na watu hao wote hawaumwi! Maana yake, kuchakaa huko ni kama mvi za kichwani. Picha inafaa pale tabibu anapoona dalili za hatari tulizozitaja. Pasipo dalili hizo, mtamba wako na abaki zizini.

Jambo la tatu ni sindano na vidonge vya kila siku. Dawa kama ibuprofeni na diklofenaki huweza kusaidia kwa siku chache maumivu yanapozidi. Lakini zikitumiwa mwezi hata mwezi huweza kuleta vidonda vya tumbo, kuharibu figo na kupandisha shinikizo la damu. Mama mjamzito, mtu mwenye shinikizo la damu, mwenye ugonjwa wa figo au vidonda vya tumbo asizitumie bila tabibu kumruhusu. Wala usichanganye mbili pamoja, kidonge cha duka hili na sindano ya duka lile, maana pengine ni dawa ya namna moja yenye majina mawili. Dawa kali za kulevya kama tramadoli, mwongozo wa mwaka 2023 haukuzishauri kwa maumivu haya, kwa sababu mtu huzizoea akashindwa kuziacha.

Jambo la nne ni mikanda ya kufunga kiunoni. Mwongozo huo huo haukuishauri kuwa matibabu. Usiuze kuku kununua mkanda.

Je, kuchua na kukanda kwa maji ya moto? Hayo hayana gharama kubwa, na wengi hupata nafuu kwayo. Mwaka 1965 wataalamu wawili, Ronald Melzack na Patrick Wall, walieleza kwamba katika uti wa mgongo kuna kitu kama lango linaloweza kupunguza habari za maumivu zinazopita kwenda kwenye ubongo, na kwamba habari za kuguswa na kusuguliwa husaidia kulifunga. Ndiyo sababu mtoto akijigonga husugua mahali palipogongwa. Kanda mgongo kwa kitambaa cha maji ya moto dakika 15, uangalie usiungue. Lakini fahamu kwamba hiyo ni nafuu ya saa chache, ya kukuwezesha kuanza kazi. Tiba yenyewe inafuata.

5. KAZI YA KIPIMO

Wakulima wengi wenye maumivu hufanya kazi kwa namna hii. Siku mgongo unapotulia, mtu hufurahi, akalima tangu alfajiri hadi jioni ili kufidia siku zilizopotea. Kesho yake hawezi kuinuka, na hulala siku tatu. Akipata nafuu hurudia vile vile. Mwisho wa mwezi akihesabu, ameumia sana na amelima kidogo.

Njia ya kipimo ni kinyume cha hiyo. Hapa saa ndiyo inayokuongoza, si maumivu. Chukua kalamu na daftari tufanye hesabu.

Hatua ya kwanza. Kwa siku 3, fanya kazi moja, tuseme palizi, na uandike ni dakika ngapi umefanya kabla maumivu hayajazidi sana. Tuchukue mfano wa mkulima aliyepata dakika 40 siku ya kwanza, 30 siku ya pili, na 50 siku ya tatu. Jumla ni 120. Gawanya kwa 3, utapata 40.

Hatua ya pili. Toa sehemu moja ya tano. Moja ya tano ya 40 ni 8, na 40 kutoa 8 ni 32. Tuseme 30 ili iwe rahisi kuangalia saa. Basi dakika 30 ndizo kipimo chake cha kuanzia.

Hatua ya tatu. Kila siku ya kazi mkulima huyo atapalilia dakika 30, kisha ataacha, hata kama anajiona mzima. Atashika kazi nyingine isiyoinamisha mgongo, kama kurekebisha ua, kutazama mifugo au kuchambua mbegu akiwa ameketi. Baadaye aweza kurudi kwenye palizi kwa kipindi kingine cha dakika 30. Siku ambayo mgongo unalalamika kidogo, asiache kabisa; na siku ambayo mgongo umetulia, asizidishe.

Hatua ya nne. Kila wiki aongeze dakika 3 katika kipindi. Baada ya wiki 10 ataongeza dakika 30, na kipindi chake kitakuwa dakika 60. Haba na haba hujaza kibaba.

Katika wiki za kwanza pengine utasikia maumivu kidogo ya misuli inayojifunza kazi upya. Hayo si madhara. Na ikiwa siku moja maumivu yatapanda sana, kama yanavyofanya mara kwa mara, usirudi kitandani. Punguza kipimo kiwe nusu kwa siku 2 au 3, endelea kutembea, kisha urudi kwenye kipimo chako. Mvua ya mawe ya siku moja haimfanyi mkulima aache kilimo.

6. MAZOEZI MANNE YA NYUMBANI

Wengine watauliza, "Mimi nalima kila siku, mazoezi ya nini tena?" Jibu ni kwamba kulima hutumia mwili kwa upande mmoja tu, yaani kuinama mbele. Mazoezi huupa mwili upande mwingine. Yafanye asubuhi au jioni, juu ya mkeka, kila moja mara 10, polepole, bila kubana pumzi.

La kwanza: Lala chali, kunja goti moja ulivute kifuani kwa mikono, hesabu mpaka 5, kisha liachilie. Fanya na goti la pili.

La pili: Lala chali, magoti yamekunjwa, nyayo zimekanyaga chini. Inua kiuno juu, hesabu mpaka 5, teremsha.

La tatu: Piga magoti na mikono chini kama mtoto anayetambaa. Pandisha mgongo juu kama paka aliyeamka, kisha uuteremshe taratibu.

La nne: Simama wima, weka mikono kiunoni, ukajinyooshe kidogo kwa nyuma. Hili lifae hata shambani, kila unapofika mwisho wa mstari.

Pamoja na hayo, tembea dakika 20 hadi 30 kila siku. Ukienda kwa miguu kupeleka maziwa, hesabu hiyo kuwa dawa. Na ikiwa hospitali ya karibu ina mtaalamu wa kunyoosha viungo, mwone, atakupangia mazoezi yanayokufaa wewe.

7. VYOMBO NA MIZIGO

Si haki kumwambia mkulima autunze mgongo wake huku vyombo vyake vinamwumiza. Tazama kwanza mpini wa jembe lako. Mpini mfupi humlazimisha mtu kuinama mpaka uso ukaribie magoti. Jambo hili limewahi kufika mahakamani. Katika jimbo la California, Marekani, vibarua wa mashamba ya mboga walikuwa wakilazimishwa kutumia jembe la mpini wa futi moja hivi, wakiinama kutwa. Madaktari walitoa ushahidi juu ya migongo iliyoharibika, na mwaka 1975 jembe hilo likapigwa marufuku kuwa chombo cha hatari. Wewe huhitaji mahakama. Kwa palizi, chonga mpini mrefu unaokuwezesha kusimama ukiwa umeinama kidogo tu.

Kazi nyingine haziwezi kufanywa mtu akiwa amesimama. Mkulima wa Mwea akipanda mpunga lazima ainame majini. Dawa yake ni kujinyoosha kila baada ya mistari michache na kupokezana, huyu apande na yule agawe miche, kisha wabadilishane. Anayechagua viazi vya mbegu apige magoti juu ya gunia lililokunjwa, au aweke viazi juu ya meza. Anayekamua aketi juu ya kibao imara, karibu na ng'ombe.

Kwa habari ya mizigo, kumbuka hesabu hizi. Mtungi wa maji wa lita 20 una kilo 20. Gunia la mahindi lililozoeleka nchini ni kilo 90. Shirika la Kazi Duniani, mwaka 1967, lilishauri kwamba mzigo wa kubebwa mara kwa mara na mwanamume mzima usipite kilo 55, na wa mwanamke uwe mdogo zaidi. Basi gunia la kilo 90 si la mtu mmoja. Libebeni wawili, au mtumie mkokoteni, au mligawe. Unapoinua kitu, kikaribishe kifuani, na usijipinde kiuno wakati umekishika; geuza miguu.

Wakulima wa viazi wana ulinzi wa sheria. Kanuni za zao la viazi za mwaka 2019 zinasema gunia lisizidi kilo 50. Lumbesa inakupunja fedha zako, na inauvunja mgongo wa anayeipakia. Mkishikamana katika chama chenu kukataa lumbesa, mtakuwa mmelinda mfuko na mgongo kwa pamoja.

8. USINGIZI, WASIWASI NA MAMBO YA NYUMBANI

Mtu asiyelala vizuri huumia zaidi kesho yake. Mtu mwenye deni linalomkosesha raha huumia zaidi pia. Hii si kwa sababu maumivu ni ya mawazo tu, bali kwa sababu ubongo unaopokea habari za mgongo ndio huo huo unaobeba wasiwasi. Mbwa aliyekosa usingizi hubweka zaidi. Lala na kuamka saa zile zile, wala usitafute usingizi kwa pombe. Ikiwa huzuni imekukalia wiki nyingi, hata huna hamu ya chakula wala ya kazi, mweleze tabibu. Hilo nalo linatibika.

Baba na mama wa nyumba, tazameni pia mgawo wa kazi. Katika nyumba nyingi mama ndiye mwenye kulima, kuteka maji, kubeba kuni, na kumbeba mtoto mgongoni juu ya hayo yote. Akisema mgongo unamwuma, asiambiwe kwamba wanawake wote huumwa hivyo. Kaeni, andikeni kazi za siku, mwone ni mizigo ipi inayoweza kubebwa na mwingine, na ipi inayoweza kubebwa na punda au baiskeli. Lakini vile vile msimnyang'anye mgonjwa kazi zote. Anayeketishwa siku nzima kama mgeni hudhoofika. Mwachieni kazi zilizo katika kipimo chake.

MASWALI YA KUJIPIMA

Someni maswali haya katika kikundi chenu, na anayejua kusoma awasomee wengine.

1. Maumivu huitwa ya muda mrefu yakipita miezi mingapi?

2. Taja dalili nne za hatari zinazompasa mtu kwenda hospitali.

3. Kwa nini si vema kulala kitandani wiki nyingi kwa ajili ya mgongo?

4. Mkulima amepalilia dakika 25 siku ya kwanza, 20 siku ya pili, na 30 siku ya tatu. Kipimo chake cha kuanzia ni dakika ngapi? (Jibu: 20.)

5. Pimeni mipini ya majembe yenu. Ni mingapi inayomwezesha mtu kupalilia bila kuinama sana?

6. Katika nyumba yako, ni nani anayebeba maji, na kwa siku ni kilo ngapi?

Swali la sita hujibiwa kwa kuhesabu mitungi. Jioni ya leo ihesabuni pamoja, muandike jumla katika daftari la shamba, kando ya hesabu za maziwa na mbolea.